Waramli wa jangwani wale nini? Naomba ushauri kuhusu chakula cha watu wa kubuni

Mwana wa Mkomani, Lamu

Assalamu alaikum nyote. Ninaandika hadithi ya vijana kuhusu watu wa kubuni niliowapa jina la Waramli, ambao wanaishi na ngamia, mbuzi na kondoo katika jangwa ambalo pia nimelibuni, mwendo wa siku 9 kutoka kisima chao cha mwisho hadi bandari iliyo karibu. Katika sura ya 4, msichana wa miaka 13 anatakiwa kuwapikia wazee wa ukoo, kwa mara ya kwanza na peke yake, chakula ambacho kila Mramli anakihesabu kuwa ndicho kinachomtambulisha. Hapo ndipo nilipokwama, kwa kuwa mimi nimezaliwa kisiwani, maji yako pande zote, na jangwa pekee ninalolijua ni vile vilima vya mchanga vya Shela, ambavyo mtu huvizunguka asubuhi na adhuhuri akarudi nyumbani kula.

Chakula nilichokuwa nimeandika ni wali uliopikwa kwa maziwa ya ngamia badala ya tui, ukapakuliwa juu yake paja zima la ngamia lililochemshwa tangu alfajiri hadi alasiri kwa samli ya ngamia, hiliki, mdalasini na karafuu. Nilidhani nimefanya kazi nzuri. Nikamsomea mama yangu, akacheka mpaka akajifuta machozi, kisha akaniambia: "Hawa si watu wa jangwani, hawa ni watu wa mtaa wa Langoni umewafunga vilemba."

Naomba mnisaidie kwa mambo mawili. Kwanza, watu wa namna hii wangeweza kupika nini kwa kweli, na kwa vyombo gani? Pili, je, inafaa chakula hicho kiwe ni kitu ambacho msomaji wa huku kwetu atakitamani, au niridhike kiwe kigeni kabisa kwake?

Mwalimu wa Jiografia, Malindi

Wa alaikum salaam, ndugu yangu. Mama yako ana haki, na kosa halianzi kwenye viungo bali kwenye sufuria. Nilifundisha Marsabit kwa miaka 11 kabla ya kuhamia huku, na nilichojifunza mapema ni kwamba ukitaka kujua watu wa nyika kame wanakula nini, usiulize kwanza wana chakula gani. Uliza wana kuni kiasi gani na maji kiasi gani. Jangwa la Chalbi, huko Marsabit, lina sehemu tambarare nyeupe ya chumvi ambayo unaweza kuivuka kwa saa kadhaa bila kuona hata mti mmoja. Sasa hebu mtazame msichana wako. Kilo 1 ya mchele inataka takriban lita 2 za maji, bila kuhesabu ya kuoshea. Akiwapikia wazee 20, amemaliza sehemu kubwa ya maji ya kiriba kabla ya mtu yeyote kunywa. Na hilo paja linalochemka tangu alfajiri hadi alasiri linachemka kwa moto wa nini? Kama ni samadi kavu ya ngamia, ambayo ndiyo kuni ya watu wengi wa majangwani, basi watoto wa ukoo wote wamekuwa wakiokota kwa siku kadhaa kwa ajili ya mlo mmoja.

Kuna jambo jingine la kitaalamu katika maelezo yako. Maziwa ya ngamia hayatoi siagi kwa urahisi, kwa sababu matone ya mafuta yake ni madogo sana na hayakusanyiki upesi yanaposukwa kama yanavyokusanyika ya ng'ombe. Wafugaji wengi wa ngamia hutumia samli ya mbuzi, kondoo au ng'ombe, na maziwa ya ngamia huyanywa mabichi au huyaacha katika kibuyu kilichofukizwa moshi wa vijiti, mpaka yawe na ule uchachu unaokata kiu. Huko kaskazini huitwa susa. Ondoa kabisa samli ya ngamia.

Tena ngamia hachinjwi ovyo. Jike hubeba mimba kwa takriban miezi 13, na mara nyingi hupita miaka 2 kati ya ndama mmoja na mwingine. Ukoo ukichinja ngamia mzima, kuna sababu, ama ni arusi kubwa ama ni mnyama aliyevunjika mguu, na nyama yote ya siku hiyo haiwezi kuliwa siku hiyo. Kwa hiyo swali la mpishi wa jangwani si namna ya kuilainisha nyama, ni namna ya kuihifadhi. Jibu limo humu nchini mwetu, nalo ni nyirinyiri. Nyama hukatwa vipande virefu kama mikanda, hukaushwa juani, kisha hukatwakatwa vidogo kama punje za maharagwe na kukaangwa kwa mafuta mpaka unyevu wote utoke, halafu hutiwa katika chombo na kufunikwa kwa mafuta hayohayo. Kwa kuwa ndani hakuna maji na juu hakuna hewa, wadudu wa kuozesha hawana pa kuishi, na nyama hukaa miezi. Mafuta ya kondoo wale wenye makalio mazito yanafaa sana kwa kazi hii, nawe umeshasema kwamba Waramli wana kondoo.

Hicho ndicho chakula chao. Wali uwaachie watu wa mabondeni.

Mama wa Tanuri, Lamu

Mwanangu, Mwalimu amekupa kitoweo, lakini hajakupa chakula. Nyama ya mafuta bila kitu cha kuilia humkinaisha mtu, na msichana akiwawekea wazee bakuli la nyirinyiri tupu wataona amewapa akiba, hajawapikia.

Mimi nimeoka mikate ya mofa kwa miaka mingi, nikajifunza kwa nyanya yangu. Wasioujua, mkate wa mofa ni mkate wa unga wa mtama au uwele, unaobandikwa kwenye kuta za ndani za tanuri la udongo lililokwisha kupata moto, na nakwambia kwamba sisi wenyewe wa pwani tuna mkate ambao Mbedui angeuelewa. Tofauti ni kwamba mtu anayehama hawezi kubeba tanuri. Kwa hiyo tanuri lake ni ardhi. Watuareg wa Sahara wana mkate wanaouita taguella, ambao huokwa chini ya mchanga: huwasha moto juu ya mchanga, ukishakolea huyasogeza makaa, huulaza mkate kwenye mchanga wa moto, huufunika kwa mchanga na makaa juu yake, na katikati ya kazi huufukua, huugeuza na kuufunika tena. Ukiiva hupigwapigwa na kufutwa mchanga, pengine husuuzwa kwa maji kidogo, kisha humegwa vipande na kuchanganywa na mchuzi au mafuta. Tazama ilivyo akili: hapana sufuria, hapana maji ya kuchemsha, na moto uleule uliowaotesha watu baridi usiku ndio unaooka asubuhi.

Ila uangalie unga. Ukisema ngano, mkate utashikana vizuri lakini msomaji atauliza ngano imetoka wapi. Mimi ningesema uwele, ambao hustahimili ukame kuliko nafaka nyingi na katika mvua fupi huweza kukomaa kwa miezi 2 au 3. Uwele una tabia mbili ambazo msichana wako lazima azijue. Unga wake una mafuta, kwa hiyo hauwekwi siku nyingi, hufanya uchungu. Husagwa siku ya kupika, na hapo utampa jiwe la kusagia la mama yake, lililochakaa katikati. Pia hauna ule mnato wa ngano, kwa hiyo donge lake hupasuka pembeni likipangwa kubwa. Ukandwe kwa maji ya uvuguvugu, kidogokidogo, na kwa subira. Hapo ndipo wazee watajua kama amefundishwa au hakufundishwa, kabla hata moto haujawashwa.

Mchele, mdalasini na karafuu tupa. Hiliki moja mwachie bibi mmoja mzee, aliyepewa na mfanyabiashara na ambaye hainusishi kwa mtu yeyote.

Mjukuu wa Nahodha, Lamu

Nimefurahi kusoma, lakini ninaona mmewafungia Waramli ndani ya jangwa kama kwamba hawana bandari. Aliyeuliza amesema wako mwendo wa siku 9 kutoka pwani. Babu yangu alikuwa akieleza namna majahazi ya Basra yalivyokuwa yakishuka kwa kaskazi na makanda ya tende, yakarudi kwa kusi na boriti za mikoko ya huku kwetu. Tende iliyoshindiliwa ndani ya kanda la miyaa haiharibiki upesi, haihitaji moto, haihitaji maji, na kanda moja hupandishwa ngamia bila taabu. Haiwezekani chakula cha watu hawa kikose tende.

Nao hawakuja bandarini mikono mitupu, maana jangwa lina chumvi. Mabamba ya chumvi ya Taoudenni, huko Mali, yamepelekwa Timbuktu kwa misafara ya ngamia kwa karne nyingi. Waramli wateremshe chumvi, wapandishe tende na uwele. Ningependa pia wapandishe papa mkavu. Najua Mwalimu atakunja uso, lakini samaki mkavu si mgeni kwa watu wa ngamia. Huko Oman na Hadhramaut hata ngamia wenyewe wamekuwa wakilishwa dagaa waliokaushwa. Kipande kidogo cha papa kilichookwa juu ya makaa kingewapa wazee harufu ya bahari ambayo wengine wao hawajaiona.

Mwalimu wa Jiografia, Malindi

Tende nimekubali, na ninaona haya kwamba sikuzitaja. Papa ninampinga. Mtu akila papa wa chumvi hunywa maji mpaka usiku wa manane. Hapa Malindi hilo si tatizo, lakini mahali ambapo kiriba hupimwa kwa kikombe, mwenyeji anayempa mgeni papa anamfanyia uadui. Huyo ngamia alaye dagaa ana kisima karibu.

Binti wa Garissa, Malindi

Shikamooni wakubwa zangu. Ninaomba kuongeza neno kuhusu nyirinyiri kwa sababu nimekulia juu yake. Jina hilo ndilo tulilozoea huku Kenya, lakini katika Kisomali huitwa muqmad, na wengine husema oodkac. Si chakula cha shida kama maelezo ya Mwalimu yanavyoweza kumfanya mtu adhani. Kwetu ni kitu cha heshima, ambacho mama hukificha watoto wasikifikie, na mgeni akija asubuhi hutolewa kijiko kwa kijiko pamoja na anjera na chai. Harufu ya mafuta yake yakipata moto, yenye hiliki ndani kwa wale wanaoipata, ni harufu ya kutembelewa. (Kwa hiyo, Mama yangu wa Tanuri, yule bibi mzee usimbane sana na hiliki yake.)

Nilitaka hasa kuwaeleza juu ya kitu ambacho Wasomali wa kaskazini hukiita xeedho. Ni chombo ambacho jamaa za bibi arusi hukiandaa. Ndani hutiwa muqmad katika samli, juu yake hufunikwa kwa tende zilizopondwa, kisha chombo huvishwa na kufungwa kwa kamba nyingi kwa mafundo ya kutatanisha. Baada ya arusi, jamaa za bwana arusi hukusanyika na kutakiwa kuzifungua kamba hizo bila kuzikata, huku upande wa pili ukiwatazama na kuwacheka. Wakishindwa hutozwa faini. Nimeeleza haya si kwa ajili ya kuyanakili, kwa sababu Waramli ni wa kwako na wenye xeedho wapo, bali uone kwamba nyama, mafuta na tende peke yake vinaweza kubeba adabu yote ya ukoo. Huhitaji vitu 12 ndani ya bakuli. Chagua kitendo kimoja ambacho lazima kifanywe sawasawa, na ukifanye kiwe kigumu.

Swali langu dogo: je, Waramli wanakunywa damu? Wafugaji wengine wa kaskazini, wakiwemo Warendille, huwatoboa wanyama mshipa na kuchanganya damu na maziwa wakati wa kiangazi. Kama Waramli ni Waislamu hilo halimo. Kama si Waislamu, ni vizuri liamuliwe mapema. Na jina lenyewe linachekesha. Nilipolisoma nilifikiri ni ukoo wa waganga wa kupiga ramli.

Mwana wa Mkomani, Lamu

Nawashukuru wote, na shikamoo Mama. Nianze na jina: nilijua kwamba ramli kwa Kiarabu ni mchanga, na kwamba wapiga ramli wamelipata jina lao kutokana na ile mistari ya mchangani, kwa hiyo nimeliacha makusudi. Watu wa bandarini katika hadithi yangu wanawaogopa Waramli kwa sababu hiyohiyo. Damu haimo, kwani wanaswali.

Sasa nimekaa tangu juzi nikaandika upya, na chakula kimekuwa hivi. Msichana anasaga uwele usiku, kwa sababu mchana upepo hupeperusha unga. Anakanda kwa kikombe 1 cha maji, ambacho mama mkubwa wake amempimia mbele ya watu, na hawezi kuongezewa. Moto ni wa samadi na mizizi mikavu. Anaufukia mkate mchangani, na anapoona umeiva anaufukua, anaupiga, anaumega ndani ya bakuli la mti, kisha anafungua kiriba kidogo cha nyirinyiri ya kondoo na kuyamimina mafuta yake yaliyoyeyuka juu ya vipande mpaka vilowe. Juu kabisa anapaka tende zilizopondwa, safu nyembamba kama udongo wa kukandikia ukuta, ili mkono wa mzee wa kwanza uivunje. Maziwa machachu ya ngamia yako pembeni. Papa nimemweka, samahani Mwalimu, lakini nimemweka mkononi mwa mjomba mpenda safari ambaye anakula peke yake na kuomba maji usiku kucha.

Kuhusu kitendo kigumu alichokisema dada yetu, nimechagua kufukua. Akifukua mapema, ndani ni ubichi. Akichelewa, ni mkaa. Na chini ya mchanga haoni kitu. Ninachokosa ni jambo moja tu: atajuaje? Sitaki kuandika kwamba "alijua moyoni mwake", kwa sababu hayo ni maneno ya mwandishi asiyejua.

Mama wa Tanuri, Lamu

Marahaba mwanangu. Swali hili lilinikosesha usingizi, nikaona afadhali nijaribu. Jana nilichimba shimo uwani, nikajaza mchanga niliouomba kwa mafundi wanaojenga jirani, kwa sababu mchanga wa ufuoni una chumvi na vipande vya makombe. Nikawasha vifuu na vijiti kwa saa 1 hivi. Unga ulikuwa wa uwele, nusu kilo, na mkate niliutandaza unene wa kidole.

Wa kwanza niliuharibu. Niliyaacha makaa mengi juu yake, upande mmoja ukawa mweusi kama chungu na katikati mbichi. Wa pili niliusubirisha kwanza: niliulaza juu ya mchanga wa moto bila kuufunika mpaka uso wake ukakauka na kupoteza ung'avu, ndipo nikaufukia. Kumbe hiyo ndiyo siri ya mchanga kutoganda kwenye mkate, kwa maana donge bichi hushika kila kitu, lakini lililofanya ngozi halishiki sana. Nikaugeuza baada ya robo saa.

Namna ya kujua ni hivi, nami nimeithibitisha mara mbili. Mchanga ulio juu ya mkate mbichi hutoa mvuke, na ukiweka kiganja karibu utauhisi unyevu wake, hata kama huuoni. Mkate ukikaribia kuiva, unyevu huo hukoma na kubaki joto kavu. Halafu unafukua pembeni kidogo, unagonga ukingo kwa kijiti: mbichi hutoa sauti nzito, kama kugonga tope, ulioiva hulia kama mlango wa mbao. Msichana wako aweke kiganja kwanza, kisha kijiti, na mama mkubwa wake amtazame kiganja.

Niliulowesha kwa samli, kwa kuwa nyirinyiri sina, nikaweka tende juu. Mjukuu wangu alikula, akaniuliza kwa nini meno yanasaga. Kwa hiyo hilo pia uliandike. Hata uufute namna gani, mchanga kidogo hubaki, na kati ya wazee 20 hapakosi mmoja wa kuutema pembeni bila kusema neno.